Mifupa Haisahau

Safari ya dawa kutoka mdomoni hadi kwenye mifupa, na kwa nini nyingine hukaa huko miaka mingi

Ukimeza panadoli asubuhi kwa sababu kichwa kinagonga, kufika usiku karibu yote imeshatoka mwilini. Ini limeibadilisha, figo zimeichuja, na wewe umeikojoa bila hata kujua. Ndiyo maana kichwa kikiuma tena kesho, itabidi umeze nyingine. Dawa nyingi ziko hivyo: zinakuja kama mgeni wa siku moja, zinafanya kazi, zinaaga.

Lakini kuna dawa ambazo hazina haraka ya kuondoka. Zikishaingia kwenye damu zinakwenda moja kwa moja kwenye mifupa, zinanata, na zinakaa. Si siku mbili wala wiki mbili. Nyingine zinakaa miaka kumi na zaidi. Na nyingine zikikukuta ungali mtoto mdogo, zinakuachia alama kwenye meno ambayo utazeeka nayo.

Sasa unaweza kusema, "Aa, haya ni mambo ya wazee wenye maumivu ya mgongo, mimi yananihusu nini?" Yanakuhusu sana. Moja ya dawa hizi huenda umeshaimeza. Nyingine huenda bibi yako anaimeza sasa hivi, na anaimeza vibaya. Na kama wewe ni msichana, kuna jambo hapa unapaswa kulijua kabla hujawa mama. Twende taratibu.

MFUPA SI JIWE

Watu wengi wanadhani mfupa ni kitu kilichokufa, kama nguzo ya zege ndani ya nyama. Si kweli. Mfupa uko hai, una mishipa ya damu, na kila siku unabomolewa na kujengwa upya.

Kazi hiyo inafanywa na mafundi wa aina mbili. Wa kwanza ni seli bomoaji, ambazo wataalamu huziita osteoklasti. Zinajibandika juu ya mfupa, zinamwaga asidi, na kuyeyusha kipande kidogo. Wa pili ni seli jenzi, yaani osteoblasti. Hizi zinakuja nyuma, zinajaza shimo lililochimbwa, kisha zinaliimarisha kwa madini. Kubomoa sehemu moja huchukua kama wiki tatu. Kuijenga tena huchukua miezi mitatu au minne. Kama unavyojua kwa nyumba, kubomoa ni rahisi kuliko kujenga.

Kwa mtu mzima, karibu asilimia 10 ya mifupa yake yote hufanywa upya kila mwaka. Kwako wewe kijana kazi ni kubwa zaidi, maana hutengenezi tu ya zamani, unaongeza na mpya. Ndiyo maana sare ya shule ya mwaka jana sasa inakubana.

Saruji ya mifupa ni madini ya kalsiamu na fosfeti. Karibu asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili wako iko kwenye mifupa na meno. Kumbuka hilo, kwa sababu ndiyo siri ya habari yote hii: dawa yoyote inayopenda kushikana na kalsiamu, itaifuata kalsiamu ilipo. Na kalsiamu iko mifupani.

SI KILA MFUPA UNAPATA SAWA

Je, dawa hizi hujipaka sawasawa kwenye mifupa yote, kama rangi unayoipaka ukutani? Hapana. Kuna mambo matatu yanayoamua.

La kwanza ni aina ya mfupa. Ukikata mfupa wa ng'ombe utaona sehemu mbili. Nje kuna gamba gumu lililoshikamana. Ndani, hasa kwenye ncha za mifupa mirefu na kwenye pingili za uti wa mgongo, kuna mfupa wenye vijitundu kama sponji. Gamba gumu ndilo lenye uzito: karibu asilimia 80 ya mifupa yote. Lakini sponji, pamoja na wepesi wake, ina kuta nyingi sana ndani. Fikiria ukumbi mmoja mkubwa na jengo la vyumba mia moja. Ni lipi litamaliza rangi nyingi? Jengo la vyumba, kwa sababu kuta ni nyingi. Basi dawa nyingi hukamatwa kwenye sponji: uti wa mgongo, nyonga, mbavu na ncha za mifupa ya miguu na mikono.

La pili ni shughuli. Mahali ambapo mfupa unabomolewa au kujengwa, madini yako wazi na damu inapita kwa wingi. Dawa hunasa hapo zaidi. Mahali palipotulia hupata kidogo. Kwa kijana anayekua, ncha za mifupa mirefu ndiko kwenye shughuli kubwa.

La tatu ni ukali wa gundi. Dawa yenye gundi kali hunata kwenye ukuta wa kwanza inaoukuta na haisogei. Yenye gundi hafifu huachia, hupenya kwenye vijinjia vidogo, na kufika ndani zaidi. Kwa hiyo dawa mbili za ukoo mmoja zinaweza kusambaa tofauti kabisa.

Kisha kuna jambo la kufukiwa. Dawa ikishanata ukutani, seli jenzi zinaweza kuja na kujenga mfupa mpya juu yake. Ni kama fundi aliyepiga plasta juu ya rangi ya zamani. Rangi ipo, ila huioni. Dawa iliyofukiwa hivyo huwa imelala: haidhuru na haisaidii. Itaamka siku seli bomoaji zitakapofika tena mahali hapo na kuibomoa plasta. Hiyo inaweza kuwa baada ya miezi, au baada ya miaka mingi, kutegemea mfupa wenyewe.

Haya ndiyo maelezo ya neno "hukaa". Dawa haijagoma kutoka. Inasubiri ukuta ubomolewe.

TETRASAIKLINI: DAWA INAYOANDIKA TAREHE

Wengi mnaijua kama kidonge cha rangi mbili. Tetrasaiklini ni dawa ya kuua bakteria, na ndugu yake doksisaiklini bado inatumika sana hospitalini. Ukoo huu wa dawa ulitangazwa mwaka 1948, baada ya kupatikana kwa vijidudu wanaoishi kwenye udongo. Umeokoa watu wengi, pamoja na wagonjwa wa kipindupindu.

Tatizo ni kwamba tetrasaiklini inaipenda kalsiamu. Ukiimeza pamoja na maziwa, kalsiamu ya maziwa inaikamata humo humo tumboni, na sehemu kubwa ya dawa hutoka na choo bila kufanya kazi. Ile inayofika kwenye damu hukamatwa na kalsiamu ya mfupa au jino linalojengwa wakati huo.

Kwenye mfupa si neno sana, maana mfupa utabomolewa na kujengwa upya, na dawa itaondoka polepole. Kwenye jino ndipo kuna kasheshe. Jino halijengwi upya. Likishakamilika, limekamilika. Kwa hiyo mtoto aliyepewa tetrasaiklini wakati meno yake ya ukubwani yanajengwa ndani ya ufizi, meno hayo yatatoka na rangi ya njano. Kadiri mwanga unavyoyapiga yanageuka kijivu au kahawia, na meno ya mbele ndiyo huanza, kwa kuwa ndiyo yanayoona jua. Hata upige mswaki mara kumi kwa siku haisaidii, maana rangi haiko juu ya jino, iko ndani yake.

Meno huanza kujengwa mtoto angali tumboni, na yanaendelea hadi umri wa miaka 8 hivi. Ndiyo maana tetrasaiklini haipewi mama mjamzito wala mtoto chini ya miaka 8, isipokuwa daktari ameona kuna hatari kubwa zaidi na ameamua mwenyewe.

Lakini wanasayansi wakaona kuna faida pia. Tetrasaiklini iliyo kwenye mfupa, ikimulikwa na taa ya mwanga wa urujuanimno, inang'aa njano. Katika miaka ya 1960 daktari wa Marekani, Harold Frost, aliitumia kupima kasi ya mifupa kujengwa. Mgonjwa anapewa dawa siku chache, anapumzika wiki mbili hivi, kisha anapewa tena. Baadaye anakatwa kipande kidogo cha mfupa wa nyonga. Kwenye hadubini inaonekana mistari miwili inayong'aa. Pima umbali kati ya mistari, gawanya kwa idadi ya siku, umepata jibu: kwa kawaida ni chini kidogo ya sehemu moja ya elfu ya milimita kwa siku. Hesabu ya kidato cha kwanza tu!

JE, WAJUA?

Mwaka 1980 watafiti wa Marekani walitangaza jambo la ajabu kwenye jarida la Science. Walikuwa wakichunguza mifupa ya watu wa kale wa Nubia, nchini Sudan, waliozikwa kati ya mwaka 350 na 550 hivi. Kwenye hadubini mifupa iling'aa njano kijani, kama ya mtu aliyemeza tetrasaiklini. Lakini dawa hiyo haikujulikana hadi karne ya 20! Wengi hawakuamini. Mwaka 2010 mwanakemia Mark Nelson, akishirikiana na George Armelagos, waliiyeyusha mifupa hiyo kwa asidi kali na kuthibitisha kwamba ni tetrasaiklini kweli. Ilitoka wapi? Maelezo yao ni kwamba ilitoka kwenye pombe ya nafaka. Kijidudu kinachotengeneza dawa hiyo kilikua kwenye nafaka, na watu wakainywa pamoja na pombe. Miaka 1,500 imepita, mifupa bado inatoa ushahidi.

BISFOSFONETI: WAFUNGWA WA MIAKA KUMI

Sasa tuje kwenye dawa ambazo zimetengenezwa makusudi kwa ajili ya mifupa. Jina la ukoo ni bisfosfoneti. Ndani yake kuna alendroneti ya vidonge, pamidroneti, na zoledroneti ambayo huingizwa kwa dripu. Hutumika kwa wazee ambao mifupa yao imekuwa myepesi na yenye matundu mengi, ugonjwa unaoitwa osteoporosisi. Hutumika pia kwa wagonjwa wa saratani iliyosambaa kwenye mifupa, na kwa watoto waliozaliwa na mifupa inayovunjika ovyo.

Habari yake inaanzia kwenye mabomba ya maji. Umeshaona ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika? Hayo ni madini ya maji. Viwandani walijua kwamba kemikali za jamii ya fosfeti huzuia ukoko huo kuganda. Katika miaka ya 1960 mtafiti wa Uswisi, Herbert Fleisch, na wenzake waligundua kwamba hata mwilini kuna kemikali kama hiyo, pairofosfeti, inayosaidia kuzuia madini yasigande ovyo mahali pasipotakiwa. Wakawaza: je, tukiitumia kama dawa?

Haikufaa. Pairofosfeti ni fosfeti mbili zilizounganishwa na atomu ya oksijeni, na mwili una vimeng'enya vinavyoukata muungano huo mara moja. Basi wakaitoa oksijeni katikati, wakaweka kaboni. Badiliko dogo tu, lakini mwili hauna mkasi wa kukata hapo. Dawa mpya ikawa inanata kwenye mfupa kama ile ya zamani, ila haivunjiki. Hapo ndipo ilipozaliwa dawa, na hapo ndipo lilipozaliwa suala la kukaa miaka mingi.

Tuifuatilie safari ya kidonge kimoja cha alendroneti cha miligramu 70, ambacho humezwa mara moja kwa wiki. Tumbo ni bahili sana kwa dawa hii: kati ya miligramu hizo 70, isiyofika hata asilimia 1 ndiyo inayoingia kwenye damu. Ndani ya saa 6 damu nayo inakuwa karibu haina kitu. Imekwenda wapi? Karibu nusu imetolewa na figo kwenye mkojo, kama ilivyo, bila kubadilishwa. Nusu nyingine imenata kwenye mifupa. Ukipiga hesabu, kidonge kizima kimeacha kama miligramu 0.2 tu mifupani. Kiasi hicho hata ukikiweka kwenye kucha hukioni vizuri.

Lakini kiasi hicho kina subira. Seli bomoaji inapokuja kuyeyusha mfupa, inameza na dawa iliyonata hapo. Dawa inazuia kimeng'enya muhimu ndani ya seli hiyo, seli inalegea, na mara nyingi inakufa. Ubomoaji unapungua, ujenzi unapata nafasi ya kufikia, na mfupa hauzidi kudhoofika.

Wataalamu wanapima ukaaji wa dawa kwa kutumia "muda wa nusu", yaani muda unaopita hadi nusu ya dawa iwe imetoka. Kwa panadoli ni saa 2 au 3. Kwa alendroneti iliyo mifupani inakadiriwa kuwa zaidi ya miaka 10. Na nusu inayobaki nayo itachukua muda kama huo kupungua tena kwa nusu. Piga mahesabu mwenyewe.

ENEO LA PUNDAMILIA

Watoto wenye mifupa inayovunjika ovyo wamekuwa wakipewa pamidroneti kwa dripu, kila baada ya miezi kadhaa. Matokeo makubwa ya kwanza yalichapishwa mwaka 1998 na Francis Glorieux na wenzake wa Montreal, Kanada. Maumivu yalipungua, na mifupa ikawa haivunjiki mara nyingi kama zamani.

Ukiangalia picha za eksirei za watoto hawa, utaona kwenye ncha za mifupa mistari meupe iliyopangwa mmoja baada ya mwingine. Madaktari wameiita mistari ya pundamilia. Kila dripu inaacha mstari mmoja. Halafu mfupa unakua, mstari unasogea, dripu nyingine inaacha mstari mwingine. Ukiihesabu unajua mtoto amepata dripu ngapi. Ukipima nafasi kati ya mistari unajua alikua kiasi gani katikati. Ni kama kuhesabu duara ndani ya gogo la mti.

FAIDA NA DENI

Kwa upande mmoja, kukaa huku ni faida. Kama dawa imeshajaa kwenye mifupa, mgonjwa haitaji kumeza kila siku. Zoledroneti kwa wazee hutolewa mara moja kwa mwaka. Tena, baada ya miaka 3 hadi 5 madaktari wengi humpa mgonjwa ambaye hayumo kwenye hatari kubwa "likizo ya dawa": anaacha kutumia, na akiba iliyo mifupani inaendelea kumlinda kwa muda.

Kwa upande mwingine, ni deni. Dawa ya kawaida ikikudhuru, unaacha, na baada ya siku chache imetoka. Hii huwezi kuitapika. Tangu mwaka 2003 madaktari wameripoti kwamba baadhi ya wagonjwa, hasa wa saratani wanaopewa dozi kubwa, hupata kidonda cha taya kisichopona baada ya kung'olewa jino. Sababu moja ni kwamba mfupa wa taya una shughuli nyingi, na ubomoaji ukisimama sana, mfupa uliojeruhiwa haurekebishwi. Wengine, baada ya kutumia miaka mingi, wamevunjika mfupa wa paja bila kuanguka sana. Ni wachache, na kwa mgonjwa anayehitaji dawa faida huwa kubwa kuliko hatari. Lakini ndiyo sababu daktari humwambia mgonjwa akaangaliwe meno kwanza kabla ya kuanza.

Na sasa kwa wasichana. Msichana aliyetumia bisfosfoneti akiwa na miaka 14 bado atakuwa nayo mifupani akiwa na miaka 24, pengine akiwa mjamzito. Wakati wa ujauzito na kunyonyesha, mwili wa mama huchota kalsiamu kwenye mifupa, na dawa kidogo inaweza kutoka nayo. Kwa hiyo madaktari hawampi msichana dawa hizi kirahisi. Humpa anapozihitaji kweli, na humweleza. Kama wewe ni mmoja wao, usiogope na usiache dawa kwa kusoma makala hii. Ila muulize daktari wako sasa, na siku ukishika mimba mwambie mkunga: "Niliwahi kutumia dawa ya mifupa." Sentensi moja tu, lakini ni ya muhimu.

BIBI NA MJUKUU

Mjukuu: Shikamoo bibi.
Bibi: Marahaba mjukuu wangu. Nipatie chai ya maziwa hapo nimezee dawa yangu ya mifupa, halafu nijinyooshe kidogo.
Mjukuu: Bibi, hapo umekosea mara mbili! Maziwa yana kalsiamu. Yataikamata dawa tumboni, itoke yote bure.
Bibi: Makubwa! Kumbe miezi yote hii nilikuwa nawalisha vyoo?
Mjukuu: Meza asubuhi kabla hujala, kwa glasi nzima ya maji matupu. Kisha kaa wima au tembea tembea nusu saa, ndipo unywe chai. Ukilala, kidonge kinaweza kukwama kwenye koo la chakula na kulichoma.
Bibi: Kweli elimu haina mwisho. Haya, lete maji.

FLORAIDI: TUNAYOINYWA BILA KUJUA

Si dawa tu zinazokwenda mifupani. Madini ya floraidi nayo huko ndiko nyumbani kwake: karibu asilimia 99 ya floraidi iliyo mwilini iko kwenye mifupa na meno. Kidogo, kama kwenye dawa ya mswaki, kinasaidia meno yasitoboke. Nyingi ni balaa.

Wanaoishi karibu na Mlima Meru, sehemu za Kilimanjaro, na kule Kenya katika Bonde la Ufa kama Nakuru, wanalijua jambo hili kwa macho. Maji ya huko yana floraidi nyingi inayotokana na miamba ya volkano. Watoto wengi hutokwa na meno ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa inapinda na viungo vinakakamaa. Magadi ya kupikia maharage nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi.

Usimcheke mwenzako mwenye meno ya namna hiyo kwamba hapigi mswaki. Alikunywa maji ya kijijini kwao akiwa mtoto, basi.

Floraidi iliwahi hata kujaribiwa kama dawa ya osteoporosisi. Matokeo ya jaribio kubwa yalitoka Marekani mwaka 1990: mifupa ya mgongo ya akina mama wale iliongezeka uzito kweli, lakini haikupungua kuvunjika, na mifupa mingine ilivunjika zaidi. Funzo: mfupa mzito si lazima uwe mfupa imara.

Lakini ona ujanja huu. Kama mfupa unaipenda floraidi kiasi hicho, kwa nini usitumike kuikamata kabla hujaimeza? Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, mifupa ya ng'ombe huchomwa hadi iwe kama mkaa, ikasagwa na kuwekwa kwenye chujio. Maji yakipita humo, floraidi inanata kwenye mifupa ya ng'ombe badala ya kunata kwenye yako.

UFANYE NINI SASA?

1. Usinunue vidonge vya rangi mbili dukani kwa kubahatisha, wala usigawane na rafiki. Mafua hayatibiwi kwa tetrasaiklini.

2. Ukitumwa dawa ya mdogo wako, mwambie muuzaji umri wa mtoto. Kama kuna mjamzito nyumbani, mwambie pia.

3. Ukiandikiwa tetrasaiklini, usiimeze pamoja na maziwa, na maliza dozi.

4. Kama unaishi kwenye maji ya floraidi, mwulize bwana afya kuhusu chujio, hasa kwa ajili ya wadogo zako chini ya miaka 8.

5. Jenga mifupa yako sasa. Kufika miaka 25 hadi 30 akiba ya mifupa huwa imefika kileleni, na baada ya hapo ni kutumia tu. Kula dagaa wazima na mifupa yao, maziwa, mboga za majani. Pata jua. Cheza mpira, ruka kamba, tembea. Achana na sigara.

JIPIME

Kweli au si kweli?

(a) Mfupa wa mtu mzima haubadiliki tena.
(b) Dawa iliyofukiwa ndani ya mfupa inafanya kazi muda wote.
(c) Uti wa mgongo hunasa dawa nyingi kuliko gamba gumu la mfupa wa paja.
(d) Meno yenye rangi ya tetrasaiklini yanaweza kusafishwa kwa kupiga mswaki sana.

Majibu: (a) Si kweli, karibu asilimia 10 hufanywa upya kila mwaka. (b) Si kweli, imelala hadi mfupa ubomolewe. (c) Kweli, kwa sababu ni mfupa wa sponji wenye kuta nyingi. (d) Si kweli, rangi iko ndani ya jino.

Ukipata zote nne, mfundishe mwenzako. Ukipata mbili, rudi kwenye "Si kila mfupa unapata sawa". Na ukikosa zote, hamna neno: mwombe bibi akueleze, maana yeye sasa anajua.